Kuwasha na kutunza kabureta ya gari la zamani hapa Mwanza

Majirani zangu wa Pasiansi walikuwa wanaijua saa kumi na mbili asubuhi kwa sauti ya stata yangu. Corolla KE70, injini ya 4K ya sentimita za ujazo 1,290, kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) yenye choki ya kuvuta kwa mkono. Stata ililia weee mpaka betri ikachoka, kisha vijana wa bodaboda wakaja kusukuma. Nilipeleka gari gereji mara tatu, na mara zote tatu jibu lilikuwa moja: "Kabureta imekufa, nunua nyingine." Haikuwa imekufa. Waya wa choki ulikuwa umeteleza kwenye kibanio chake kwa kiasi cha unene wa kidole. Nikivuta kitufe ndani ya gari, kule kwenye kabureta mlango wa choki, ule unaoziba hewa, unafunga nusu tu.

Tangu siku hiyo kabureta ndiyo kitu cha mwisho ninachokifungua. Mwongozo huu nao umepangwa hivyo hivyo: kwanza kuwasha, halafu kutafuta kosa nje ya kabureta, na kuifungua ni baadaye kabisa. Mifano ni ya KE70 kwa sababu ndiyo ninayoilalia chini kila Jumamosi, lakini mwenye Datsun 1200, Hilux ya zamani au Land Rover ya petroli ataona mambo ni yale yale, ila skrubu zimekaa kwingine.

Injini ya baridi inataka nini

Utasikia watu wakisema Mwanza hakuna baridi ya kusumbua gari. Ni kweli hatuna barafu, na asubuhi ya Julai ukipata nyuzi 16 au 17 umepata baridi. Lakini kwa injini iliyolala usiku kucha hiyo inatosha. Petroli haiwaki ikiwa majimaji, inawaka ikiwa mvuke. Injini ikiwa ya moto, petroli inayotoka kwenye kabureta inageuka mvuke njiani. Ikiwa baridi, sehemu kubwa inatua kama umande kwenye kuta za manifoldi (bomba la kutoka kabureta kwenda kwenye silinda) na inayofika kwenye silinda ni kidogo. Choki inaziba mdomo wa kabureta ili injini ivute hewa kidogo na mafuta mengi kuliko kawaida, na katika hayo mengi, yale machache yanayogeuka mvuke yatoshe kuwaka.

Kuna jambo la pili ambalo watu walioleta magari kutoka Dar hawaambiwi. Uso wa ziwa letu uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 10, na kabureta haina akili ya kulijua hilo. Inaendelea kutoa mafuta karibu kama ilivyokuwa inatoa Kariakoo. Gari lililoseti vizuri Dar likifika hapa linakula zaidi, plagi zinakuwa nyeusi, na asubuhi linajaa mafuta upesi. Kwa hiyo wa pwani akikuambia "kanyaga mara tatu ndipo upige stata," msikilize kwa heshima, kisha kanyaga mara moja.

Kuwasha asubuhi, hatua kwa hatua

Zima redio, taa na feni ya ndani. Betri iachie stata nguvu zote. Gia iwe huru, klachi ikanyage mpaka chini. Mafuta ya injini asubuhi ni mazito, na klachi ikishuka stata haizungushi gia zilizo ndani ya oili nzito ya gia boksi.

Vuta choki yote. Usivute nusu kwa woga. Kanyaga pedali ya mafuta mara moja, polepole, mpaka chini, kisha iachie. Hapo umefanya mambo mawili: pampu ndogo ya ndani ya kabureta imerusha mafuta kidogo kwenye koo lake, na vijiti vya choki vimepata nafasi ya kushika mkao wao, maana choki ikivutwa inafungua pia kidogo mlango wa chini, ule wa pedali ya mafuta, ili injini izunguke haraka inapokuwa baridi. Ondoa mguu kwenye pedali. Narudia: ondoa mguu. Ukikanyaga wakati stata inazunguka unafungua mlango wa chini, mvuto unapungua, na choki inakosa kazi.

Piga stata sekunde tano hadi saba. Gari lenye afya halihitaji zaidi ya sekunde kumi kwa mpigo mmoja. Likikataa, subiri nusu dakika stata ipoe na betri ijikusanye.

Likishika, sikiliza. Mara tu linapotulia, sukuma choki ndani kwa theluthi. Sikio ndilo linaloongoza kuanzia hapa. Likianza kugugumia na kutoa moshi mweusi, choki imezidi, isukume. Likikohoa kupitia juu kwenye ea klina (chujio la hewa) au likitaka kuzima ukigusa mafuta, umeirudisha mapema, ivute kidogo. Baada ya nusu dakika ondoka taratibu. Kuliacha likinguruma dakika kumi uani ni desturi ya zamani isiyo na faida. Injini inapata moto haraka zaidi ikibeba kazi nyepesi. Kutoka kwangu hadi mzunguko wa barabara ya Airport, dakika tatu au nne hivi, choki iko ndani yote. Ukiisahau nje, petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Chomoa kijiti cha oili uinuse: ukisikia harufu ya petroli, badilisha oili, na jiulize choki yako inarudi kweli?

Gari lililokaa siku nne au tano ni kesi nyingine. Petroli ya kwenye kikombe cha kabureta imekauka, na pampu ya mafuta ya magari haya inasukumwa na injini yenyewe. Kabla ya kuvuta choki piga stata sekunde sita bila kugusa chochote, pumzika, piga tena. Mbele ya kabureta ya Toyota hizi kuna kioo kidogo cha duara. Mafuta yakionekana katikati ya kioo, kikombe kimejaa. Sasa fuata utaratibu wa kawaida.

Na likijaa mafuta? Utalijua kwa harufu. Sukuma choki ndani yote, kanyaga pedali mpaka sakafuni na uishikilie hapo hapo bila kuipampu, piga stata sekunde kumi. Mlango wa chini ukiwa wazi kabisa hewa nyingi inapita na kukausha plagi. Kuna wanaofungua boneti na kumwaga petroli kwa kifuniko cha chupa kwenye mdomo wa kabureta huku mwenzao anapiga stata. Injini ikipiga nyuma, ule moto unatokea pale pale uso wako ulipo. Sifanyi, na ndoo ya mchanga haiachi kukaa jirani ninapogusa mfumo wa mafuta.

Kabla hujagusa kabureta

Fungua kifuniko cha ea klina, chungulia. Mwambie mtoto avute choki: kile kibati cha juu kifunge mdomo kabisa. Aisukume: kisimame wima, kisibaki kimeinama. Hapa ndipo gari langu lilipokuwa na kosa lake. Kulegeza kibanio, kuvuta waya, kukaza tena: dakika tano na bisibisi moja. Ekseli ya kibati ikiwa nzito, futa vumbi na uipake tone moja la oili nyepesi, uifute. Oili nyingi inashika vumbi na kuwa gundi.

Injini ikiwa imezimwa, sukuma kwa mkono kile kijiti kinachovutwa na pedali ya mafuta. Uone mshale wa petroli ukiruka ndani ya koo. Usipouona, ama kikombe ni kikavu ama pampu ndogo imechoka, na dalili yake barabarani ni gari kulegea sekunde moja kila unapokanyaga ghafla.

Kisha moto wa plagi. Hapa ziwani asubuhi ya mvua utakuta kifuniko cha distributa (kile kinachogawa moto kwenye plagi) kimetoka jasho kwa ndani. Kifute kwa kitambaa kikavu, angalia kama kina ufa mwembamba mweusi. Mwanya wa pointi za distributa kwenye 4K ni milimita 0.45, wa plagi milimita 0.8, pima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), usipime kwa wembe kama nilivyofundishwa utotoni. Plagi yenyewe inasema mengi: kahawia ya kufifia ni afya, nyeusi yenye masizi makavu ni mafuta mengi, iliyolowa ni iliyojaa au isiyopiga moto, nyeupe ni hewa imezidi.

Hewa ikizidi, usikimbilie kabureta, tafuta inapoingia. Mipira midogo ya kuvuta hewa inapasuka kwenye viungo, nati za manifoldi zinalegea, gasketi ya chini ya kabureta inachoka. Chukua maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, injini ikinguruma pulizia maungio moja baada ya jingine. Mlio ukibadilika, umepata. Wapo wanaotumia petroli kwa kazi hiyo, karibu na eksozi iliyo moto. Sina la kuwaambia.

Kosa linalodanganya wengi

Gari linawaka vizuri na choki. Ukiisukuma ndani, linazima. Ukilishikilia kwa pedali linakwenda, ukiachia kwenye taa za barabarani linazima. Kila mtu atasema choki, au atakaza skrubu ya sailensa (ule mngurumo wa gari lililosimama) mpaka injini ipige kelele kama mashine ya kusaga.

Mara nyingi ni njia ya mafuta ya sailensa iliyokufa, na kuna sehemu mbili za kuangalia. Ubavuni mwa kabureta nyingi za aina hii kuna kidude cha shaba chenye waya mmoja. Kazi yake ni kukata mafuta ukizima swichi ili injini isiendelee kunguruma. Washa swichi bila kupiga stata, chomoa waya ule na uuguse tena: usikie "tik." Usiposikia, hakuna umeme au kidude kimekufa. Nilikaa wiki mbili nahangaika na hili, kumbe waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, kwa nje mzima kabisa.

Ukisikia "tik" na bado linazima, jeti ya sailensa, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitisha mafuta, imeziba. Tundu lake ni jembamba kama sindano ya kushonea, na linazibwa na chembe usiyoweza kuiona bila kuliinua kwenye mwanga. Sasa ndiyo, fungua kabureta.

Kuifungua na kuisafisha

Fanya kazi nje, penye hewa, bila jiko la mkaa jirani na bila sigara. Chomoa waya wa betri. Piga picha kila upande kwa simu kabla ya kugusa mpira hata mmoja. Mipira ya kuvuta hewa inafanana kama mapacha. Tandika shuka jeupe chini. Shuka hilo si mbwembwe. Mara yangu ya kwanza niligeuza kabureta juu chini kwenye ua wa mchanga, nikasikia "ti" ndogo, nikadhani ni skrubu. Ilikuwa gololi ya chuma ya pampu ndogo, ndogo ajabu. Nilichekecha ule mchanga mpaka magharibi, na iliyoniokoa ni sumaku ya spika mbovu. Bila gololi hiyo pampu inanyonya na kurudisha, hairushi kitu.

Mafuta yaliyomo kwenye kikombe yamwage kwenye chupa ya kioo, usiyatupe. Yaache dakika kumi. Ukiona tone linalotambaa chini kama zebaki, ni maji. Ukiona vumbi jekundu, ni kutu ya tenki. Ukiona vipande vyeusi, kuna mpira wa maji umefungwa mahali pa mpira wa petroli na sasa unayeyuka. Hayo matatu usipoyatibu huko yanakotoka, utafungua kabureta tena baada ya mwezi.

Toa jeti moja moja kwa bisibisi inayoenea mfereji wake sawasawa. Zimetengenezwa kwa shaba laini na mdomo ukiharibika hutoki. Kila jeti iweke kwenye karatasi uliyoandika ilipotoka. Loweka kwenye petroli safi au dawa ya kabureta, kisha puliza kwa upepo wa kompresa. Usipitishe waya. Tundu la jeti limepimwa kiwandani kwa sehemu za mia za milimita, na waya mmoja unatosha kulipanua. Baada ya hapo gari litakunywa mafuta na hutajua kwa nini. Mimi natumia kipande cha mshipi wa nailoni. Wavuvi wa Kirumba Mwaloni wanao wa kila unene, na nailoni haikwaruzi shaba.

Boya la ndani litikise karibu na sikio. Ukisikia majimaji yakicheza ndani, limetoboka na limemeza petroli; halitaelea sawa, kikombe kitafurika. Sindano inayofungwa na boya iangalie kwenye ncha: ikiwa na pete iliyojichimba, badilisha pamoja na kiti chake. Ukirudisha kila kitu na kuwasha, mafuta yasimame katikati ya kile kioo. Yakipanda juu yake, kile kiulimi cha boya kinapindwa kidogo sana, unene wa kucha.

Gasketi weka mpya ya karatasi. Silikoni ya kwenye tyubu, ile nyekundu au nyeusi inayopendwa na mafundi wa haraka, isikaribie kabureta. Petroli inaila, inamenyeka vipande, na vipande vinakwenda moja kwa moja kwenye jeti uliyotoka kuisafisha.

Kuseti sailensa

Injini iwe ya moto kamili, choki ndani, ea klina mahali pake, taa zimezimwa. Skrubu ni mbili: ya mwendo, inayosukuma kijiti cha pedali, na ya mchanganyiko, iliyo chini karibu na msingi wa kabureta, mara nyingi na springi. Kabla ya kuwasha, kaza ya mchanganyiko taratibu mpaka iguse tu, kisha ifungue mizunguko miwili na nusu. Ukiikaza kwa nguvu ncha yake inachubuka na haiseti tena maisha yake yote.

Washa. Zungusha ya mchanganyiko robo robo mpaka injini ingurume haraka kuliko pote. Punguza kwa skrubu ya mwendo mpaka injini izunguke mara 750 hivi kwa dakika. Rudia mara mbili, tatu. Mwisho kaza ya mchanganyiko kidogo mpaka usikie mlio unaanza kushuka, uiache hapo. Kwa gari lililotoka pwani utajikuta umekaza zaidi ya lilivyokuja, na ndivyo inavyopaswa. Weka mkono nyuma ya eksozi: pumzi itoke sawasawa, bila kurukaruka.

Vumbi, usubi na petroli ya chupa

Matunzo yenyewe hayana mengi. Filta ndogo ya mafuta badilisha mara mbili kwa mwaka. Ea klina kwa anayepita barabara za vumbi za Buhongwa au Nyakato ipulizwe kila wiki mbili, kutoka ndani kwenda nje. Ukiipuliza kutoka nje unashindilia vumbi. Na kuna usubi wa ziwani, yale mawingu yanayosimama juu ya maji kama moshi na kuja nchi kavu jioni. Ukipita katikati yake kandokando ya ziwa, kesho yake fungua ea klina: utakuta tabaka la unga mweusi wenye harufu ya samaki. Rejeta nayo iangalie.

Petroli ya chupa ya kando ya njia naikwepa, si kwa dharau. Chupa ilikuwa na maji jana, na muuzaji hana hatia. Tenki nalijaza kabla ya kuegesha gari kwa siku nyingi, maana tenki tupu linatoa jasho usiku na jasho hilo ni maji. Petroli iliyokaa miezi kwenye kabureta inaacha utomvu wa rangi ya chai, mgumu kuutoa.

Gari likiwa la moto

Siku moja kwenye foleni ya feri ya Kamanga, jua la saa nane, nilizima injini dakika ishirini. Feri ikafungua mlango, gari likakataa. Nikavuta choki. Nyuma yangu honi. Mzee mmoja mwenye pikapu akashuka akaja dirishani.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Umevuta choki?"

"Nimevuta."

"Rudisha, baba. Hilo limelewa tayari, unaliongezea pombe?"

Injini ikizimwa ikiwa na moto mkali, joto linapanda kwenye kabureta, petroli ya kwenye kikombe inachemka na kutiririka kwenye koo. Gari linajaa mafuta lenyewe bila wewe kugusa kitu. Dawa ni ile ile ya gari lililojaa: choki ndani, pedali mpaka chini, ishikilie, stata. Lilishika kwa mpigo wa pili, likatoa moshi mweusi mmoja mkubwa, nikaingia ferini wa mwisho. Siku hizi nikijua nitasimama kwenye foleni nafungua boneti kwa upana wa kiganja, joto lipate pa kutokea.